Kangaga la Nyuma ya Bafu

Nambambo, Nachingwea
19 Mei 2024

Zuhra,

Salamu utazikuta huko chini ukifika. Kwanza nikugombeze nikiwa bado na pumzi.

Wewe mtoto, kutoka Ruangwa mpaka hapa siku hizi ni safari ya kukata pasipoti? Mbuzi wa mnada wanatoka huko asubuhi, mchana wanalia hapa Nachingwea. Mbuzi wanakushinda. Mara ya mwisho nilikuona wakati wa korosho, ukaja na kibegi kidogo, nikajua pale pale kwamba hulali. Mvua zimekuja, zimekwisha, mimi nimeanguka, nimeinuka, sura yako sijaiona. Umemtuma mumeo na godoro. Godoro nimelipokea. Mumeo pia nimempokea, amekula ugali akalamba na vidole. Lakini marehemu mama yako hakunizalia godoro, alinizalia wewe, na mimi ndiye niliyekulea ukaota meno.

Na usiseme kwa nini sipigi simu. Simu hapa inashika mtandao ukipanda kile kichuguu cha nyuma ya kwa Eustakio, na mimi kwa nyonga hii kichuguu nakitazama tu. Ndiyo maana nasema, jirani yangu Kornelia anaandika. Nimemwambia aandike kila neno kama linavyonitoka, asinitilie Kiswahili cha padri.

(Naandika kama anavyosema, mwanangu. Machache nimeyaacha kwa heshima yako. Kornelia.)

Anacheka. Sijui ameandika nini hapo.

Sasa yale maneno uliyompa mumeo Hemedy aniletee. Kwamba mmemaliza chumba, kwamba nihame nikakae kwenu, kwa kuwa nimeteleza nyuma ya bafu na safari nyingine nitavunjika. Maneno yenu yana haki. Lakini mimi siyo gunia la mbaazi, mtu aamke asubuhi anipakie. Kwa hiyo Isihaka mbeba mizigo anakuletea kwenye kile kigari chake cha kirikuu sufuria langu lile lililotoboka. Ndani mna kangaga. Unalijua: yale majani ya nyuma ya bafu, chini ya migomba, yaliyochanikachanika kama manyoya, uliyokuwa ukiyafanya shela la bibi harusi mkicheza. Nimelikata kwa panga kutoka kwenye lile kubwa, mimi mwenyewe, nimekaa chini.

Litunze. Mvua za kwanza zikilikuta hai kwako, nakuja kukaa na nyinyi, sitasema neno. Likifa, mniache na nyumba yangu, na habari ya kuhama nisiisikie tena, kwako wala kwa mumeo wala kwa Isihaka, maana najua na yeye mmemtuma.

Usiliweke juani, hata lile jua la asubuhi. Litafutie mahali penye kivuli na ubichi, maji yanapopita lakini hayalali. Chini mwaga vigae vya chungu. Lile shina lake lenye manyoya, linalotambaa kama kiwavi, usilifukie. Likae juu ya udongo. Ukilifukia unalizika. Mbolea usilipe, siyo mahindi lile. Na usiwe unalichokonoa kwa kidole kila ukipita.

Haya, salamu sasa. Hujambo? Mume wetu hajambo? Mwambie mke mkubwa anamsalimia, na ile shuka aliyoisahau hapa siirudishi. Mimi mzima. Nyonga ndiyo inayosema, na mimi naijibu.

Bibi yako,
Zaitun
(kidole gumba ni hiki hapa)


Ruangwa
6 Juni 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Shikamoo na wewe mama Kornelia, najua ndiwe unayesoma hii kwa sauti, nakuomba unapofika penye aibu usome polepole.

Sisi wazima. Hemedy anakohoa kidogo, msimu wa kupuliza mikorosho umeanza na yeye kila siku yumo kwenye vumbi la salfa. Nyonga inaendeleaje? Unalala upande gani? Usinijibu "nalala tu".

Umenigombeza na nimegombezeka. Nilikuwa na sare za shule za kushona, hiyo ni kweli, lakini siyo sababu. Niliposikia umeanguka nilifunga mzigo nikaufungua. Niliogopa nikikukuta umelala chini nitalia mbele yako, na wewe utaniuliza kama nimekuja kukuzika. Nikaona bora atangulie Hemedy. Nisamehe. Sasa nataka kuja Jumamosi ya kwanza ya Julai.

Kangaga limefika. Isihaka alilikalisha mbele kama abiria, magunia ya ufuta yakawa nyuma. Uwanja wetu unajua ulivyo, mwekundu, mtupu, hauna mti hata mmoja, jua likichomoza limekuta njia. Nimeuzunguka siku nzima na kigoda nikitazama kivuli kinapokaa. Mahali pamoja tu: kati ya ukuta wa bafu na pipa la maji, pale bomba la pipa linapodondosha matone kwenye matofali tuliyobakiza. Hapo hata mchana pana baridi. Nimeweka vigae, nimeweka udongo wake uliokuja nao, shina nimeliacha juu. Nimefagia vizuri kulizunguka mpaka pamekuwa kama sahani.

Chumba chako kiko upande wa bafu, dirisha linatazama pale pale. Hemedy amekiwekea sakafu ya sementi, akaikwaruza kwa ufagio ili usiteleze.

Lakini Bibi, jani na wewe mnahusiana nini? Hemedy anasema huu ni mtego. Nimemwambia bibi yangu hategi, yeye anapiga kabisa.

Mjukuu wako,
Zuhra


Nambambo
30 Juni 2024

Zuhra mke mwenzangu,

Umefika salama huu mwezi? Mume wetu mpe maji ya tangawizi, salfa ikimwingia kifuani atakohoa mpaka korosho zianguke zenyewe.

Jumamosi usije. Ndiyo, mimi ndiye niliyekugombeza, na mimi ndiye ninayekukataza. Ulipotakiwa hukuja, sasa unataka kuja kunibembeleza. Ukiondoka jani utamwachia nani, Hemedy? Kaa nalo mpaka mvua.

Umefagia! Mama yangu wee. Nilikufundisha mimi kufagia, alfajiri, kabla watu hawajapita wakaona nyayo za jana, na ukafundishika. Sasa nakufundisha kuacha. Kangaga haliishi kwenye sahani. Yale majani makavu yanayoangukia shina ndiyo nguo yake, yanaoza yanakuwa chakula chake. Nenda jalalani kwa watu wenye miembe, okota majani yaliyooza, mwaga pale. Wageni wakikuona mchafu waambie bibi yako ameagiza.

Unauliza jani na mimi tunahusiana nini. Unamkumbuka Brigita wa Mtua, mwenzangu wa kusuka mikeka, aliyekuwa akicheka mpaka anakaa chini? Mwanawe alimchukua akampeleka kwake mjini. Walimpenda, sisemi uongo. Walimnunulia kiti cha plastiki, wakamweka mlangoni kwenye jua apate joto. Akishika ufagio wananyang'anya. Akitaka kumenya muhogo, "Mama, pumzika." Akitoka kidogo mjukuu anafuata nyuma. Kila saa, "Mama umekula? Mama unaumwa?" Nilikwenda kumwona nikakuta mikono yake imekuwa laini kama ya mtoto mchanga, ameiweka mapajani, haijui iende wapi. Nikamuuliza, "Brigita, unacheka na nani huku?" Akavuta ncha ya kanga akaifunika ile mikono. Wamemrudisha Mtua kwenye jeneza, na hakuna ugonjwa uliotajwa.

Kwa hiyo nataka nione kama kwenu kuna kivuli. Nataka nione kama nyinyi mnaweza kumwangalia mtu bila kumfukunyua. Nikikuuliza wewe utasema ndiyo. Jani halitanidanganya.

Mimi siku hizi naoga ndani, kwa beseni. Kornelia ananimwagia mgongoni, anasema nina mgongo wa msichana.

(Sikusema hivyo. Nilisema una kelele za msichana.)

Ule mgomba mkubwa wa nyuma umeangushwa na upepo. Basi.

Bibi yako,
Zaitun


Ruangwa
11 Agosti 2024

Bibi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa. Kama umesimama, mama Kornelia, mkalishe kwanza.

Jani lilikuwa limenawiri. Nilimwaga majani ya miembe kama ulivyosema, likatoa mengine mapya, likajaa mpaka linagusa pipa. Majirani walikuwa wanakuja kuuliza hili ua gani. Nilikuwa nakuandikia kichwani barua ya kujisifu.

Jumamosi ya wiki iliyopita Hemedy amerudi kutoka Narung'ombe kupuliza mikorosho ya watu. Nikamwita, njoo uone. Nikageuza jani ili aone lilivyoshiba. Chini ya jani madoa ya kahawia, yamejipanga safu mbili, ukigusa unabaki unga kwenye kidole. Bibi, unatujua sisi. Mtu aliyezaliwa Nachingwea akiona unga kwenye jani hana wazo la pili, ni ubwiri tu, ule ugonjwa wa mikorosho.

Hemedy akasema, "Huu siyo ubwiri. Ubwiri mweupe. Lakini ugonjwa ni ugonjwa."

Nikamwambia, "Tungoje tumuulize Bibi."

Akasema, "Mpaka Isihaka aende arudi, limekufa na bibi yako ameshinda. Salfa imebaki kwenye mfuko. Nipishe."

Akavaa mashine mgongoni. Kwa jani moja, Bibi, mashine nzima ya mikorosho. Alipovuta kamba uwanja mzima ukawa njano. Kuku wakapiga chafya. Gauni la mteja lililokuwa kwenye kamba nimelifua mara tatu na bado linanuka. Na siku ile jua lilikuwa kali hata pale kwenye kivuli.

Majani yakaanza kujikunja ncha, kama karatasi iliyosogezwa motoni. Nikayaosha kwa maji, nikawa nimechelewa. Sasa yamelala yote. Limebaki shina, nalo limesinyaa kama mkia wa panya. Hemedy amegeuza ndoo ameikalia mbele yake, hali chakula. Ananiuliza, "Bibi atanisamehe?" Nimemwambia aulize kwanza kama mimi nimemsamehe.

Ningeweza kunyamaza mpaka mvua. Nilifikiria pia kwenda mtoni kutafuta jingine linalofanana. Lakini nilipofikiria unalitazama kupitia dirisha lako na mimi nimenyamaza, nikaona chumba chenyewe kitanishinda kuingia.

Kwa hiyo umeshinda. Baki na nyumba yako. Nitajifunza kuja mimi.

Mjukuu wako,
Zuhra


Ruangwa
22 Septemba 2024

Bibi,

Shikamoo. Hujambo?

Mwezi umepita hujanijibu. Isihaka anasema aliwakabidhi barua mkononi, mama Kornelia akaisoma, ukaisikiliza mpaka mwisho, kisha ukamwambia Isihaka aondoe kirikuu chake kinakuzibia hewa. Kila akipita nasikia hakuna barua. Jana nimemuuliza kama umemtupia hata tusi, anasema hata hilo hakuna.

Unigombeze. Kunigombeza nimekuzoea. Hivi sikujui.

Nisipopata neno mpaka katikati ya mwezi ujao nakuja, hata kama umenikataza.

Zuhra


Nambambo
13 Oktoba 2024

Zuhra,

Umeniita mara mbili sikuitika. Sijafa, na sikuwa mgonjwa. Joto limekaza hapa, korosho zinaanguka, Kornelia anaokota zake na zangu. Wewe unakula? Mume wetu amerudi kula?

Barua yako ya salfa Kornelia aliisoma tukichambua mbaazi. Alipofika penye kuku kupiga chafya akashindwa kuendelea, akaweka karatasi chini akacheka mpaka machozi. Mimi sikucheka.

Siku ile nilichukua fimbo nikazunguka nyuma ya bafu. Nilikuwa sijafika huko tangu nilipowakatia lile lenu. Kornelia maji yangu ya kuoga huyamwaga mlangoni, huko nyuma nilimkataza mimi, nisije nikamvunja na yeye. Na mgomba ulipoanguka jua likaingia. Nimeyakuta yote yamekauka, yamelala kama tumbaku. Nikavuta moja, likaja zima na mizizi yake, halina uzito wowote. Nikavuta jingine. Hivyo hivyo.

Nikakaa juu ya lile jiwe lililoniangusha. Yale makangaga niliyatoa korongoni mimi, chini ya kile kisima cha zamani tulichokuwa tukichota wanawake wote wa huku. Nilikuwa na mimba ya mama yako. Babu yako alikuwa ndiyo kwanza amejenga hili bafu, la matete, na mimi nikasema bafu bila ubichi wa kijani pembeni ni kama mtu anakuogesha porini mchana. Kisima kimefukiwa, korongo limelimwa ufuta mpaka chini. Kwa hiyo kangaga langu duniani limebaki moja, na hilo liko Ruangwa limepakwa salfa.

Nilikuwa na maneno mdomoni, Zuhra, ambayo yakishaandikwa hayafutiki. Nikaona ninyamaze mpaka yaishe. Yameisha juzi.

Sasa fungua masikio. Ule siyo ugonjwa. Wale ni watoto wake. Kangaga halina ua, halina tunda, halina kokwa. Watoto anawabeba chini ya jani, mgongoni, kama sisi tunavyobeba. Wakikomaa wanakuwa unga, upepo unawachukua, wanaangukia penye ubichi wanakaa. Mlimpiga salfa mama mwenye mtoto mgongoni.

Mume wetu mwambie nimempa radhi. Ameona kitu kinaumwa akaenda kukitibu bila kutumwa. Nimeishi na watu nyumba moja, unaumwa, wanauliza chakula kiko wapi.

Shina umelitoa? Kama umelitoa sina la kusema. Kama lipo, liache. Kangaga sugu. Mwaka mmoja, mimi binti, korongo lilikauka mpaka vyura wakahama, makangaga yakawa makapi. Mvua iliponyesha yakatoka kama hayakusikia habari yoyote. Lakini kule kulikuwa na umande na kivuli, na yalikuwa na nguo zao. Lako lifunike majani, ulimwagie maji kidogo kila jioni, pale pale, kama kwamba lipo. Majirani watasema umerukwa na akili, unamwagilia udongo. Waache.

Halafu yale matofali chini ya pipa. Kabla ya salfa unga ulikuwa umeshamwagika, na umeangukia hapo. Ukiona matofali yanaota kitu cha kijani, chembamba kama ngozi ya chura, usisugue. Mwambie na Hemedy, mkono wake mwepesi mno kwenye usafi na dawa.

Kuja usije. Nani atamwaga maji jioni? Ahadi ni mvua, na mvua bado.

Bibi yako,
Zaitun

(Zuhra, nyonga yake bado nzito. Amenisikia naandika, ananiuliza ni nini. Namwambia nakusalimia. Nakusalimia. Kornelia.)


Ruangwa
15 Desemba 2024

Bibi,

Shikamoo, na mama Kornelia shikamoo. Sisi wazima kabisa. Hemedy amenenepa tangu ulipompa radhi. Nyonga? Na huko mvua imeanza?

Shina sikulitoa. Nililishika siku moja nilitoe, nikaona bado limeng'ang'ania ardhi, nikaliacha kwa woga tu, siyo kwa akili. Barua yako ilipofika nikalifunika majani. Kila jioni, nikishafunga cherehani, nachota kikombe namwaga pale. Mama mwenye nyumba ya jirani akaniuliza ukutani, "Zuhra, umezika nini hapo?" Nikamwambia sijazika. Akasema, "Basi umepanda nini?" Nikamwonyesha kikombe. Kwa kweli zilifika siku nilikuwa namwaga kwa sababu tu ulisema nimwage. Nilikuwa nakaa pale kwenye kigoda baada ya kumwaga, sifanyi kitu. Sikuwahi kukaa bila kushona tangu niolewe. Siku nikisahau, Hemedy ananipelekea kikombe mkononi.

Ijumaa ya wiki iliyopita mvua ya kwanza imenyesha, mvua ya kweli, mabati hayasikilizani. Ilipokatika nikakimbia na kanga kichwani. Nikafunua majani. Hakuna kitu. Shina jeusi, limelowa, basi. Nikarudi ndani nikamwambia Hemedy tumeshindwa, akasema ahadi ni ahadi. Tulikunja ile shuka mpya ya kitandani kwako tukairudisha sandukuni.

Sasa jana, Bibi. Nilikwenda kuchota maji ya kupikia. Katikati ya majani yaliyooza kimesimama kitu cha kijani, kina manyoya ya kahawia, kimejikunja ncha kama mkia wa kinyonga. Pembeni kingine. Nikamwita Hemedy, naye akapiga magoti kwenye tope na suruali ya kwendea msikitini. Kisha akasema, "Usipige kelele, tazama hapa." Kwenye matofali. Ile ngozi ya chura imeota tangu Novemba, nilikuwa namfukuza kila akija na brashi. Juu yake vimejaa vijani vidogo, vidogo kuliko ukucha wa mtoto. Ukisogeza macho unaona vimechanika kama lile kubwa. Viko kwenye matofali mawili mazima.

Lakini nakwambia ukweli. Uliniambia mvua za kwanza zilikute hai. Mvua ilipokuja hapakuwa na jani hata moja, mimi mwenyewe nimefunua nikaona. Kwa neno lako tumeshindwa, na sitatumia jani la jana kukulazimisha. Wewe ndiye uamue. Hemedy amesema nisiongeze neno hapo, kwa hiyo siongezi.

Mjukuu wako,
Zuhra


Nambambo
29 Desemba 2024

Zuhra mwanangu,

Salamu leo naanza nazo. Hujambo mama? Mume wetu hajambo? Ile suruali ya msikitini mfulie vizuri, goti lililopigia kangaga halina najisi. Sisi tumepata mvua, udongo umelegea, Kornelia ameshapanda mahindi yake ya kwanza na kunikatalia nisishike jembe. Nimelishika alipokwenda kanisani.

(Nimeliona jembe lina tope. Kornelia.)

Barua yako nimesomewa mara tatu. Mara ya tatu Kornelia alitaka chai kwanza.

Unasema mvua ilipokuja hapakuwa na jani, kwa hiyo halikuwa hai. Nani amekufundisha hivyo? Wewe unataka kitu kichomoze ndiyo ukiite hai? Mimi tangu Aprili mtu wa barabarani hajaniona. Eustakio aliuliza kwa Kornelia kama nilishazikwa, kwamba mbona hakualikwa. Nimekufa? Jani lilikuwa linajipanga huko chini. Mvua haikulifufua, mvua imelikuta.

Kwa hiyo shuka itoe sandukuni.

Na ningeamua hivi hivi hata kama lisingetoka. Kornelia shahidi, nilimwambia kabla barua yako haijafika. Isihaka alikuwa ameshaniambia kwamba kila akipita jioni anakuona umekaa kwenye kigoda, na kikombe kitupu, unatazama udongo. Mtu anayeweza kukaa hivyo pembeni ya kitu kisichomwonyesha chochote, asikifukue, naweza kukaa naye nyumba moja. Brigita angekaa na wewe.

Sitakaa kwenye kiti cha plastiki. Muhogo nitamenya mimi. Ukiniuliza zaidi ya mara moja kwa siku kama nimekula, narudi Nambambo kwa miguu, na nyonga hii hii.

Nyumba hii naiacha na uchungu, sikufichi. Juzi nimekaa mlangoni nikaihesabia milango yake kama mtu anayeuza ng'ombe wake wa mwisho. Lakini nikizunguka nyuma ya bafu na kukuta makavu, naona ninakaa kwenye nyumba iliyokwisha kuhama kabla yangu. Sitaiacha hivyo. Kornelia anasema atakuwa anamwaga pale maji yake ya kuoshea vyombo, na Eustakio amepanda machipukizi ya mgomba.

(Sijasema. Lakini nitamwaga.)

Sasa ukija, na safari hii uje, sikiliza unavyokuja. Njoo siku ya wingu. Yale matofali mawili yenye watoto usiwabandue, ung'oe matofali yenyewe, uyafunge kwa gunia bichi, uyapakate mapajani njia nzima, usiyaweke nyuma yakarushwarushwa. Lile kubwa liache hapo hapo dirishani, tusije tukapishana njiani. Ukifika usiingie ndani kunisalimia. Zunguka kwanza nyuma ya bafu, uyapange penye kivuli karibu na lile jiwe, umwage maji, ndipo uje unipe shikamoo na mikono yenye tope.

Na mwambie Isihaka kiti cha mbele, wakati wa kurudi, asimpe mtu.

Bibi yako,
Zaitun